Mbwa Aliyeonyeshwa Moto wa Shambani

Naipingo, Jumapili, 2 Desemba 1951

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kwa hesabu yangu ni miaka thelathini na minne tangu nilipovuka Ruvuma. Nilivuka wakati wa vita vya Wajerumani, maji yakinifika kiunoni, nikiwakimbia watu waliokuwa wakikamata vijana kwenda kubeba mizigo. Dada yangu Letisia alibaki ukingo wa pili. Nilimwambia nitarudi mvua zikiisha. Mvua za mwaka ule ziliisha, na za mwaka uliofuata ziliisha, nami nikapata kazi ya kufundisha dini misheni, nikapata mke, nikapata jina la mwalimu.

Mwezi uliopita Tadeo, Mmakua mwenzangu anayevusha tumbaku huku na huko, aliniletea salamu. Letisia yu hai. Macho yake yamekwisha. Amesema, "Mwambieni Saturnini siku hizi nakaa kando ya njia, asije akanipita."

Nimekata shauri kwenda. Mwezi wa saba, mto ukipungua, nitavuka pamoja na Tadeo, nikakae nilikozaliwa mpaka Mungu aniite. Mke wangu Lusiana nimekwisha kumzika, na shamba langu halikosi mtu. Kilichobaki ni mbwa. Siachi, jike langu, ana mimba. Sitaondoka nikamwacha mbwa hata mmoja bila nyumba, maana nimewaona wale walioachwa na Wazungu kambini Nachingwea kilimo cha karanga kiliposhindwa, wanavyokaa steshenini wakimnusa kila anayeshuka kwenye treni.

8 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Siachi amezaa watano chini ya ghala. Baba yao bila shaka ni yule mwekundu wa Mzungu wa matrekta, kwa kuwa mmoja ana masikio yaliyolala kama ya mbuzi.

10 Desemba

Wamebaki watatu.

25 Desemba

Noeli. Mvua ilimshinda padri sauti. Tulisali kwa kumtazama midomo.

13 Januari 1952

Watoto wa mbwa wanatembea. Kila siku nakaa nao kidogo, kwa sababu mbwa hujulikana kabla hajakua, kama mtoto wa shule. Mkubwa, mweusi, ukimlaza chali anakubali, halafu analamba mkono. Huyo ni wa nyumba yenye watu wengi. Jike mwenye madoa akinusa kitu haachi mpaka akione. Huyo ni wa mwindaji. Wa tatu ni yule wa masikio yaliyolala. Leo nilidondosha kifuniko cha sufuria nyuma yao. Wenzake walikimbilia kwa mama yao. Yeye alishtuka, akakitazama kifuniko, akarudi kukinusa. Huyo anaweza kukabiliana na nguruwe mwitu.

Watu wanadhani kumpa mtu mbwa ni kumfunga kamba na kumkabidhi. Mimi huenda kwanza nyumbani kwa anayemtaka, saa ya kula, bila kutoa taarifa. Simtazami mwenye nyumba. Namtafuta yule ambaye mkono wake unaingia chunguni mwisho, maana huyo ndiye atakayemlisha mbwa.

20 Januari

Amekuja Kornel, aliyekuwa mpishi kambini. Bado anavaa kofia ya bwana wake.

"Hodi, mwalimu! Nimemfuata huyo mweusi mkubwa."

"Karibu. Huyo mweusi hajasema kama anakutaka."

"Mimi nimepika nyama ya Wazungu miaka minne. Mbwa gani atanikataa?"

"Nyama hiyo imekwenda nao Ulaya. Siku hizi unapika nini?"

Akacheka mpaka akashika kofia. "Mihogo, mwalimu."

"Basi nitakuja siku ya mihogo."

Ni mtu wa majivuno. Anataka mbwa wa kutembea naye barabarani.

24 Januari

Nimekwenda kwa Kornel. Nyumba ina watoto saba, wa kwake na wa marehemu kaka yake. Aliyekula mwisho alikuwa Kornel mwenyewe, tena alikula maganda. Nimeona haya kidogo njiani.

3 Februari

Mweusi amekwenda kwa Kornel. Tumemwonyesha jiko kwa desturi ya mama yangu: mama wa nyumba anambeba mara tatu kuyazunguka mafiga, anamchovya mguu wa mbele kwenye majivu ya uvuguvugu, anamlisha tonge la ugali la moto huo kwa mkono wake. Baada ya hapo mbwa ni wa jiko lile. Hatoroki, na aliyemtoa hana ruhusa ya kumdai. Watu wa hapa wana namna zao, lakini mbwa wangu hawatoroki, kwa hiyo wameacha kunicheka.

Mbwa hupewa jina na nyumba anayokwenda, na huku jina la mbwa huwa ni neno kwa majirani. Kornel amemwita Kampuni, jina la wale Wazungu wa karanga waliotuacha.

"Nikimwita aje, na asije," amesema, "kila mtu Nachingwea ataelewa."

5 Februari

Mwenye duka mmoja kutoka Ruangwa anataka mbwa wa kumfunga mnyororo mlangoni. Nimemwambia anunue kengele.

11 Februari

Hasani, mwindaji wa Kilimarondo, amemchukua jike mwenye madoa. Sikumchunguza sana, mbwa wake wa zamani alikuja naye, mzee, hana meno, naye Hasani alimtafunia nyama kabla ya kumpa. Mvua kubwa. Mto Lukuledi umejaa, wanasema.

17 Februari

Leo alisimama nje ya ua wangu mwanamke wa Mkotokuyana, Zuena binti Kaimu, mjane. Hakuingia, kwa ajili ya mbwa. Tulizungumza yeye akiwa upande wa njia, amejifunika jani la mgomba kwa mvua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

"Hapa panatosha. Mate ya mbwa wako yakinigusa nina kazi ya kuosha mara saba, na nimetoka mbali. Nataka mbwa."

"Unamwogopa, na unamtaka?"

"Mvua naiogopa pia, na ninaitaka."

Nguruwe wamemlia mahindi na karanga misimu miwili mfululizo. Mume wake alikuwa akilala dunguni, kibanda cha juu cha kulindia shamba, na kupiga debe. Sasa yuko peke yake na binti mmoja. Mjomba wake wa Ruangwa amemwambia kwamba akikosa mavuno na mwaka huu, aache shamba, ahamie kwake.

"Nikawapikie wake zake, mwalimu! Shamba lile alilifyeka bibi yangu. Nimezaliwa mle, wakati wa palizi. Nikitoka hapo nitakuwa mtu wa kuonyeshwa mahali pa kulala."

Maneno hayo nayajua kwa mwili wangu. Hata hivyo niliona ni mwanamke mkavu, na kwa moyo wangu nilikuwa nimemweka yule wa masikio yaliyolala kwa nyumba ya Kikristo, ambako angeingia na kutoka. Nimemwambia nitafikiri.

18 Februari

Nimefikiri. Mbwa huyu hakuzaliwa kwa ajili ya kuingia na kutoka.

Mkotokuyana, Jumapili, 2 Machi

Nimekuja na mtoto wa mbwa kifuani, ndani ya koti, na Siachi akitufuata. Siachi atabaki hapa wiki chache amfundishe mwanawe. Mbwa mmoja hajui peke yake kwamba nguruwe huja kwa upande wa upepo.

Shamba la Zuena liko mbali na kijiji, kwenye bonde, mahindi yamefunga. Mjomba wake, Abdalah, alikuwapo. Mzee mpole, ndevu safi, mkaidi.

"Mwalimu, mbwa wa shamba dini haikatazi," alisema. "Lakini nyumbani mwa watu wanaoswali, sitaki kusikia."

"Hutasikia, mzee mwenzangu."

Kwa hiyo sikuwasumbua habari ya jiko la nyumbani. Moto uliowaka chini ya dungu ulikuwa na mafiga matatu, sufuria na ugali. Nikasema moto ni moto. Zuena alifunga kanga mikononi, akambeba mtoto wa mbwa kama anayebeba kaa la moto, akazunguka mara tatu, akamchovya mguu majivuni. Tonge alimpa kwa jani. Binti yake alicheka. Mtoto wa mbwa alikula na jani.

"Jina?" niliuliza.

Zuena alimtazama mjomba wake. "Waache."

Abdalah akasema, "Nimesikia."

16 Machi

Mvua. Mahindi mabichi yameanza kuliwa, na nguruwe wanajua.

30 Machi

Nimekwenda Mkotokuyana kuwaona. Waache bado ni mdogo, hawezi kuwafukuza nguruwe, ila anawasikia kabla hawajafika mpakani. Hubweka mara mbili tu, halafu anapanda kwenye ngazi ya dungu na kumsubiri Zuena apige debe. Zuena amekonda, macho mekundu kwa moshi. Robo tatu ya mahindi imesimama.

"Mwalimu," alisema, "huyu hasemi uongo. Marehemu alikuwa akiniamsha hata kwa panya."

Nilimwona, alipodhani sitazami, akimsogezea mbwa chungu kwa mguu. Chenye ugali, si makombo.

13 Aprili

Pasaka. Nimewaombea wote, na wa ng'ambo kwa jina.

27 Aprili

Nimemrudisha Siachi nyumbani. Waache hakumfuata mama yake hata hatua moja. Nilifurahi, nikajisifu moyoni.

11 Mei

Mvua zimekwisha. Nimeanza kutenga vitu: blanketi, kitabu cha Misale, sufuria ndogo. Nimemwekea Letisia kanga mbili. Hataziona rangi, lakini atashika.

1 Juni

Ramadhani kwa wenzetu, na wanavuna wamefunga. Zuena anakata mtama tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, halafu anakaa kivulini na midomo mikavu, Waache miguuni pake, ila kipande cha ardhi kati yao. Anasema kipande hicho ndicho udhu wake.

Kornel alipita na Kampuni amekaa nyuma ya baiskeli kama abiria. Mbwa amenenepa, Kornel amepungua. Nilimdhania mtu wa majivuno, na majivuno anayo, lakini ni ya yule anayekula mwisho na hataki ijulikane.

22 Juni

Nimempeleka Siachi Ruangwa kwa Dionisia, binti wa marehemu mke wangu, aliyemlea mwenyewe tangu mbwa huyu alipokuwa mdogo. Alimwonyesha jiko akilia. Mimi sikulia. Nilirudi kwa njia ya mbali.

24 Juni

Idi. Zuena amenitumia wali na nyama ya mbuzi, na habari: mtama umejaza maghala mawili. Mjomba Abdalah amekwenda kuyaangalia, amekula, ameondoka. Shamba limebaki la Zuena.

Nyumba yangu haina sauti. Tadeo atafika katikati ya mwezi wa saba.

3 Julai

Zuena amekuja. Safari hii aliingia uani, kwa kuwa hakuna mbwa.

"Tumehama dunguni kurudi kijijini, mwalimu. Waache hataki kuja."

"Mwite kwa chakula."

"Nimemwita kwa chakula, kwa jina, kwa binti. Anakuja mpaka mwisho wa shamba, anasimama, anarudi kulala kwenye majivu. Moto umezimika. Anayalalia yaliyokufa. Kila siku nampelekea ugali. Juzi nilikuta nyayo za chui karibu na ngazi."

Nikaelewa, nikakaa chini. Nilimwambia kwamba sisi tulimpa moto wa dungu, na dungu ni nyumba ya msimu mmoja. Nilimwambia nilifanya hivyo nisiwaletee najisi nyumbani.

Akasema:

"Uani angelala, mwalimu. Nyuma ya ghala. Nina mafiga ya nje, ninapikia huko kila siku ya jua. Tungemzungushia yale. Mjomba alisema nyumbani, hakusema uani. Mbona hukuniuliza?"

Miaka thelathini na minne nimeishi na Waislamu, nimekula Idi zao, nimezika nao, na bado nilijifanya najua wanachokataa bila kuwauliza. Hilo nililiita heshima.

Mkotokuyana, 5 Julai

Nimembeba Waache mpaka uani kwa Zuena. Sasa ni mzito. Tumemzungusha mafiga ya nje mara tatu, Zuena kwa mikono mitupu safari hii. Aliosha baadaye, mara saba, akihesabu kwa sauti, bila kulalamika. Mbwa alikula, akalala. Tukafurahi.

6 Julai

Asubuhi hakuwepo. Tumemkuta shambani.

7 Julai

Tumemfunga kamba. Hakula, hakunywa. Alilia mpaka majirani wakatoka nje. Abdalah, aliyekuja kumtembelea mpwa wake, alisikiliza na chai mkononi, na mwisho akasema, "Mfungueni. Hii ni dhambi." Nilimpenda mzee yule.

Desturi ya mama yangu inajua kumfunga mbwa kwenye jiko. Ya kumfungua hakunifundisha. Nilivuka kabla ya kumwuliza.

9 Julai

Nimelala dunguni kumlinda. Mashamba yote ni makapi na upepo.

13 Julai

Tadeo amefika leo adhuhuri. Alinikosa Naipingo, akaelekezwa huku. Nilimwona akija kati ya mabua ya mtama, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea nilijua habari si njema: mtu mwenye furaha huanza kupiga kelele akiwa mbali.

Tulisalimiana kwa Kimakua. Alikaa. Alimpapasa Waache. Aliomba maji, akanywa yote.

"Mzee, sikutaka kukuambia haya katikati ya mashamba."

"Sema, Tadeo. Hakuna mahali pake."

"Letisia ametangulia. Ilikuwa Kwaresima, kabla ya Matawi. Mimi nilikuwa mbali na tumbaku. Nimelikuta kaburi, limeota majani."

Niliuliza alikufa kwa nini. Akasema homa, na uzee. Niliuliza kama alisema neno.

"Waliokuwa naye wanasema alikuwa akimwuliza kila apitaye kama mto umepungua. Walimwambia, bibi, ndiyo kwanza mvua. Alikuwa anasema, haya, na kesho anauliza tena."

Kabla ya Matawi. Siku zile nilikuwa nikienda na kurudi Mkotokuyana, nikimtazama mtoto wa mbwa akipanda ngazi. Pasaka nilipomwombea kwa jina alikuwa ardhini. Kanga nilizitenga mwezi wa tano.

Tadeo akasema, "Twende hata hivyo. Ukaone kaburi. Wapo watoto wa wajomba."

"Wananijua?"

"Wanajua kwamba ulikuwako."

"Na nyumba ya mama?"

Alichora ardhini kwa kijiti kabla ya kujibu. "Wareno wamelazimisha pamba, mzee. Pale pote ni pamba. Sikuona hata figa."

Zuena alikuja na chakula cha mbwa, akatukuta tumekaa. Alituangalia, akaelewa bila kuambiwa. Akaweka chungu chini, akakaa upande wangu, mbwa akiwa kati yetu, kanga yake ikigusa manyoya. Hakuisogeza.

17 Julai

Tadeo ameondoka. Nimempa kanga zile mbili ampe mwanamke yeyote aliyemwosha Letisia.

20 Julai

Dionisia amesikia msiba, amekuja kutoka Ruangwa na kunikuta hapa shambani. Alikuja na Siachi. Siachi alinitambua. Alinilamba uso, akalala juu ya miguu yangu mchana wote, nami nikawaza: nimwombe Dionisia anirudishie, hatakataa, desturi itakataa lakini mama yangu hayupo kunikemea.

Jioni Dionisia aliposimama na kujitanda, Siachi alisimama. Alinitazama mara moja, akamfuata bila kuitwa.

Nilimtafutia nyumba vizuri.

26 Julai

Wameanza kuchoma mashamba. Moshi pande zote, mwewe wanazunguka juu yake. Jana moto wa jirani ulifika ukingo wa bonde, na Waache aliuona, akarudi kulala kwenye majivu yake. Hatakimbia. Mbwa asiyeogopa kifuniko cha sufuria hataogopa moto, na hilo nililiona mimi mwenyewe, nikalisifu.

27 Julai

Tumefyeka njia pana kulizunguka dungu: mimi, Zuena, binti yake, na Kornel aliyekuja na jembe begani na kofia kichwani, Kampuni nyuma yake.

"Mwalimu," alisema Kornel, "kazi yote hii kwa mbwa mmoja? Mwite tu aje!"

"Wa kwako anakuja ukimwita?"

"Wa kwangu ana sababu. Ni Kampuni."

Zuena alicheka, mara ya kwanza kumsikia. Halafu akaacha jembe, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia kuni, "Huyu hatatoka hapa, mwalimu. Mimi nina nyumba na maghala, siwezi kulala shambani kiangazi. Kaa naye. Dungu tutaliezeka upya, tutalizungushia udongo kwa chini. Mwezi wa kumi na mbili tutakuja sote kupanda."

"Na mjomba wako?"

"Mjomba atauliza wewe ni nani kwetu. Nitamwambia ulikuja na mbwa."

3 Agosti

Moto ulipita kusini ya njia tuliyofyeka. Tulikuwa salama, majivu yalitunyeshea mpaka jioni. Waache alipiga chafya, basi.

10 Agosti

Nimeleta blanketi, Misale na sufuria ndogo. Nimewasha moto katikati ya mafiga yale matatu, nimepika ugali, nimekula baada ya mbwa. Nyumba ya Naipingo nimempa Kornel, kwa wale watoto.

Wengine wananiuliza bado, njiani na kanisani, ninavuka lini, mto sasa uko chini kabisa. Nawajibu wote sawa. Sitarudi.